Gari Lisilokwama

Kuna sifa moja nikiisikia nyongo inanipanda mpaka kooni: "Gari lile halikwami, bwana." Vijana wa gereji hapa mtaani wanaisema kila siku wakinywa chai, na mimi huinuka nikaenda kutema mate nje. Wanadhani ni uzee, au tumbaku. Waache wadhani. Niliwahi kutengeneza gari lisilokwama kwa mikono yangu hii, nikalisifia kuliko hata wale waliokuwa wakinisifu, na mpaka leo nikilikumbuka najionea kinyaa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, Korogwe. Mtu asiyewahi kuishi karibu na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, hajui uvundo. Maji ya kijani yanayotoka pale yanaingia kwenye nguo, kwenye mto wa kulalia, mpaka kwenye chai. Nilizoea. Binadamu anazoea upuuzi mwingi, na hilo ni moja ya mambo yanayonikera kuhusu binadamu.

Dada yangu alikuwa anaishi Handeni, kwenye kijiji kimoja kipya kupita Misima. Ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, ndiye aliyenifundisha kufunga viatu. Kwao pa zamani palikuwa juu, kwenye mchanga mwekundu, kila mtu na mji wake na mihogo yake. Ikaja operesheni, wakaambiwa washuke. Waliochagua mahali pa kijiji walichagua bondeni kwa sababu ni tambarare, na nyumba zinapangika vizuri kwenye mstari. Hakuna hata mmoja wao aliyeinama kushika udongo. Ulikuwa ule udongo mweusi wa mbugani, ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu na masika unageuka ugali. Ukikanyaga, unainuka na kiatu kizito mara tatu. Ukikanyaga tena, kiatu kinabaki.

Dada alikuwa ameshazaa mara mbili na hana mtoto. Wa kwanza alimpoteza kule juu. Wa pili alimpoteza masika ya kwanza ya kijiji: uchungu ulianza, ukakaa kombo, ikabidi apelekwe hospitali ya Handeni. Wanaume wanane walimbeba juu ya kitanda cha kamba kwenye lile tope, wakaanguka nacho mara mbili, na walipofika barabarani mtoto alikuwa ameshatulia tumboni. Hayo alinisimulia mwenyewe, bila kulia, akiwa anachambua mchele. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Siku moja karibu na mwisho wa mwaka akanijia karakana. Alikuwa ametembea mpaka Misima, akapanda lori la mkaa, akafika na kikapu cha mbaazi za kuchemsha, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitikia, akakaa juu ya tairi bovu, akaniambia moja kwa moja.

"Mdogo wangu, nina mimba ya miezi minne. Kijijini kuna gari, wamepewa na wilaya, lakini mvua ikinyesha halitoki hata uwanjani. Wewe ni fundi. Lifanye litoke kwenye tope kabla ya masika, na mimi nitazaa mtoto aliye hai. Umri wangu unauona, sina mwingine baada ya huyu."

Nikamwambia nitalifanya. Ningesema nini kingine?

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, linavuta kwa miguu ya nyuma tu, tumbo liko chini karibu na ardhi. Lililetwa Korogwe limefungwa nyuma ya trekta. Pamoja nalo walikuja watu wawili ambao sitawasahau. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti laini, anayekushika bega anapozungumza na wewe na haliachii mpaka umekubali. Wa pili alikuwa dereva, zamani aliendesha trekta, mtu mzima mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo. Alijikunia sikio kwa kucha ile na akachambulia nayo nyama kwenye meno. Nasema haya ili ieleweke nilianza kuwachoka siku ile ile ya kwanza.

Mkubwa wangu wa karakana aliniruhusu nifanye kazi hiyo baada ya saa za shamba na siku za Jumapili, na akaniruhusu nichukue vyuma kwenye gari la shamba lililopinduka miaka mingi nyuma. Gari hilo lilikuwa la aina ile ile, ila lenyewe lilivuta miguu yote minne. Lilikuwa limelala kwenye nyasi nyuma ya stoo, kuku wanataga ndani yake. Nililala chini yake kwa wiki nzima. Mavi ya kuku yaliniangukia usoni. Nilipofungua difu ya mbele, ule mviringo wa chuma wenye meno ya kugawa nguvu kwenye magurudumu, oili ilitoka nyeupe kama maziwa yaliyoharibika, imechanganyika na maji ya mvua za miaka, na ndani alikuwamo panya aliyeoza nisijue aliingia vipi. Nilitapika pembeni, nikarudi, nikaosha meno yale kwa dizeli moja moja. Yalikuwa mazima. Chini ya uchafu wote ule chuma kilikuwa kinang'aa, na nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Nikahamisha ekseli ya mbele, ule mhimili unaobeba magurudumu. Nikahamisha gia boksi ndogo, ile inayopeleka nguvu mbele na nyuma, nikachomelea vishikizo vyake kwenye chesisi. Propela, yaani mti wa chuma unaozungusha magurudumu, ilikuwa ndefu mno, nikaikata na kuiunga, nikaizungusha kwa mkono nikiitazama jicho moja limefumba mpaka ikaacha kuyumba. Kisha nikaja kwenye springi.

Hapa nieleze polepole, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Springi za gari lile zilikuwa za pleti, vyuma bapa vilivyolaliana, kirefu juu na kifupi chini. Pleti chache, gari linabembea. Pleti nyingi, gari linabeba mzigo mkubwa lakini likiwa tupu linakuwa gumu, linarusha. Zilikuwa zimefungwa chini ya ekseli. Mimi nikazitoa chini nikazipandisha juu ya ekseli, na kwa kazi hiyo peke yake gari likainuka zaidi ya shubiri, tumbo likaachana na ardhi. Pleti zilikuwa saba kila upande. Saba zilitosha. Gari lilikuwa refu na laini, mtu ungeweza kumlaza mgonjwa nyuma akalala. Nililijaribu kwenye barabara ya mashamba kuelekea Makuyuni, nimeweka ndoo ya maji nyuma, na maji hayakumwagika ila kidogo.

Laiti ningeishia hapo.

Mwenyekiti akaja kuliona. Akalizunguka mara mbili, akanishika bega. "Fundi, umefanya kazi kubwa. Lakini nyuma naliona linalala. Gari la kijiji lisilale. Ongeza pleti."

Nikamweleza. Nikamwambia hili ni la wagonjwa, dada yangu mwenyewe atapanda, likiwa gumu litamrusha mtu mbavu zivunjike.

"Ni la wagonjwa, nani amekataa?" akasema kwa ile sauti yake ya asali. "Lakini kijiji kina mazao, ndugu fundi. Gari lisilobeba mazao wilaya watauliza kazi yake nini. Watalichukua. Halafu huyo dada yako atapanda nini?"

Ningeweza kukataa. Watu wanapenda kusema zamani hatukuweza kukataa, kila mtu alikuwa anaogopa. Uongo. Mimi sikuogopa kitu. Ukweli ni kwamba kila jioni wafanyakazi wa korona walikuwa wanapita kulitazama lile gari, wanaliita jina la tembo, na mmoja alisema likiongezwa chuma nyuma litasimama kama dume. Kichwa kikavimba. Kwenye gari la kuku zilikuwapo pleti nene, nikachukua nne kwa kila upande nikaziongeza. Kumi na moja. Mgongo wa gari ukainuka, likawa limesimama kifua mbele, matako juu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikafuta mikono kwa tambara nikijifanya sijasikia.

Dereva akalijaribu likiwa tupu, mimi nimekaa nyuma. Meno yaligongana mpaka nikajiuma ulimi. Aliposhuka akauliza, "Fundi, mbona linarusha hivi?"

Na mimi, mdomo una damu na kichwa kimejaa sifa, nikajibu, "Hilo likipata mzigo linatulia."

Niliyasema hayo mimi, mbele ya dereva na mwenyekiti, nikicheka.

Tukalipeleka kijijini mwezi wa pili. Walitandaza khanga barabarani lipite juu yake. Walimwaga maji makusudi kwenye shimo moja, wakalikoroga likawa tope, ili walione linapita, nalo likapita mara tatu kwenda na kurudi, na kila mara mayowe. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbali kidogo, tumbo limeshatangulia. Nilipomwendea aliniuliza jambo moja tu.

"Litanifikisha?"

"Litakufikisha, dada."

Akainuka akaliendea gari, akalishika bampa kwa kiganja, akaliachia.

Wiki chache baadaye nililiona gari hilo Korogwe, karibu na stesheni. Limejaa magunia ya mahindi mpaka juu, na juu ya magunia amelala mzee mmoja mguu umevimba, umefungwa tambara lililolowa usaha, nzi wamemzingira. Nikamwamkia, akaitikia huku amefumba macho. Nikamuuliza dereva kwa nini mgonjwa ameletwa huku wakati hospitali ya Handeni iko karibu na kwao.

"Mahindi yanakuja huku," akanijibu.

"Na kwa nini mgonjwa juu ya magunia?"

Akanitazama kama mtu anayemshangaa mwalimu aliyesahau somo lake. "Fundi, si wewe uliyesema? Likiwa tupu linarusha, likipata mzigo linatulia. Kijijini sasa ndiyo sheria. Mgonjwa hapandi gari tupu. Mwenyekiti ameitangaza mkutanoni, akasema ni agizo la fundi."

Hapo ndipo nilipaswa kulishika lile gari palepale, nikalale chini yake nitoe zile pleti. Spana nilikuwa nazo mfukoni. Badala yake nilicheka kidogo, cheko la kipumbavu, nikasema, "Nyinyi watu nyinyi," nikaenda zangu. Sikuwa na haraka ya kitu. Nilikuwa nakwenda kunywa soda. Namkumbuka yule mzee kwa harufu ya mguu wake, na harufu ile inanistahili.

Masika yakaanza. Niliomba likizo nikaenda kijijini kukaa na dada siku zake zitakapofika, kwa sababu shemeji, mume wake, ni mtu mpole wa kupitiliza, mtu ambaye akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano, jua limechomoza kidogo, watu ndiyo kwanza wanatoka kuswali, dada akaniita kwa sauti ya kawaida.

"Mdogo wangu, imeanza. Na imekaa kama ile ya mara ya pili. Lete gari."

Nikakimbia kwa mwenyekiti, tope mpaka magotini. Alikuwa anapiga mswaki barazani. Akasema vizuri sana, hakuna shida, gari lipo na mafuta yapo. Akamwita dereva. Dereva akaja akijikuna sikio kwa ile kucha, akauliza, "Mzigo uko wapi?"

Hapakuwa na mzigo. Mahindi ya vuli yalikuwa bado kwenye magunzi, yamerundikwa darini kwenye stoo ya kijiji. Nikasema twende hivyo hivyo, gari tupu.

"Gari tupu na mwanamke wa uchungu?" dereva akasema. "Unataka nimuue?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyelitengeneza, mimi ndiye ninayesema. Nitakaa nyuma, nitampakata, twende polepole.

"Wewe ndiye uliyesema linarusha," akasema mwenyekiti, na mkono wake ukaja begani kwangu. "Ndugu fundi, usichanganyikiwe kwa sababu ni dada yako. Mimi siwezi kuvunja sheria ya kijiji. Vijana wanapukuchua sasa hivi, ni magunia machache tu."

Nikasema tupakie mchanga. Mchanga umejaa kule mtoni, tutajaza magunia kwa koleo, muda wa kuchemsha chai tumemaliza. Mchanga ni mzito kuliko mahindi, gari halijui tofauti.

Kicheko chake nakisikia mpaka leo. Hakikuwa cha ubaya hata kidogo. "Mchanga? Gari litoke hapa mpaka barabarani limebeba mchanga, wakati mahindi yapo na yanatakiwa Korogwe? Watu watatuonaje?"

Nikamgeukia shemeji, aliyekuwa amenifuata nyuma. Nikamwambia sema wewe, mke ni wako. Alikuwa amesimama kofia mkononi. Akasema, "Fundi, wewe ndiye mwenye elimu ya gari. Ulisema likipata mzigo linatulia. Mimi naogopa lisimrushe." Na mama mkwe wake dada, na wanawake wa jirani, wote hivyo hivyo. Walikuwa wanamhurumia dada yangu kwa dhati, na kwa huruma hiyo walikwenda kumpukuchulia mahindi. Sitasahau. Kijiji kizima kilikaa chini kikapukuchua. Wanaume wakayapiga magunzi kwa fimbo ndani ya magunia, wanawake kwa vidole gumba, haraka haraka, wanaomba Mungu huku wanapukuchua. Na mahindi yenyewe yalikuwa yameliwa na fukusi, yanatoa unga mweupe na harufu ya kuvunda, wadudu wanatembea juu ya mikono yao. Nilitaka kuwapiga. Badala yake nikakaa nikapukuchua nao, maana niliona hakuna njia nyingine ya kuondoka pale. Gumba lilitoka lengelenge. Dada alikuwa ndani, kitanda kimewekwa karibu na dirisha, anasikia fimbo zinavyopiga. Kila baada ya muda aliuliza, "Bado?" na mtu anamjibu, "Karibu, mama, karibu."

Wakati mmoja niliingia kumwona. Alikuwa ameuma ncha ya khanga, jasho limemlowesha. Akaitoa mdomoni akaniuliza, "Ni gia imeharibika?"

"Hapana, dada."

"Basi ni nini?"

Nikatoka nikaenda kupukuchua.

Adhuhuri ikapita. Magunia manne yalipojaa nikasema yanatosha, dereva akasema bado litarusha, angalia lilivyoinua matako. Kweli lilikuwa limeinua. Kwa pleti kumi na moja magunia manne ni kama kulivika kofia. Yalipofika tisa, gari likakaa sawa, dereva akalipiga teke tairi akasema sasa. Watu walikuwa wameshaitikia adhana ya alasiri. Tukamlaza dada juu ya magunia tisa, shemeji kichwani, mimi miguuni.

Na gari lilikwenda. Wallahi lilikwenda. Tope lile lililowaangusha wanaume wanane, gari lililikata kwa miguu minne likiunguruma chini chini, halikuteleza. Kwenye kijito kabla ya Misima maji yalifika mlangoni, tukapita. Lori la mkaa lilikuwa limezama njiani mpaka ekseli, watu wake wamekaa juu yake wanatutazama, wakatupigia makofi. Mmoja akapaza sauti, "Chuma hicho!" Na lilikuwa limetulia kweli. Kwa mzigo ule halikurusha hata kidogo, lilikuwa linabembea taratibu. Dada yangu amelala juu yake amefumba macho, ameshika mkono wa mumewe. Nilisikia maji ya uzazi yanapita chini ya miguu yangu yakiingia kwenye magunia, kisha damu. Kabla hatujafika Handeni akaniambia, bila kufumbua macho, "Amenyamaza."

Hospitalini wakampokea mbio. Baada ya muda mrefu akatoka muuguzi wa zamu ya wazazi, mama wa makamo, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Akasema mama atapona, mtoto amekufa, na amekufa leo hii hii, si jana. Angefika saa sita tu mchana wangemtoa mzima.

"Najua barabara zenu," akasema. "Mlikwama wapi?"

Shemeji akanitazama. Nikasema, "Hatukukwama."

"Basi mlikuwa wapi tangu asubuhi?"

Ningemwambia nini yule mama? Kwamba tulikuwa tunapukuchua mahindi? Nilisimama pale na unga wa fukusi umenikauka kwenye mikono, akanikata jicho akarudi ndani.

Nilipotoka uani nilimkuta dereva yuko juu ya gari. Magunia mawili yalikuwa yamelowa damu. Alikuwa anayageuza, upande wa damu uangalie chini, na kuyaweka safu ya katikati. Akaniambia kwa upole kabisa, "Pole sana, fundi. Mimi niwahi Korogwe, ofisi ikifunguliwa asubuhi nishushe." Akaondoka, nayo mahindi yale yakaenda, yakasagwa, watu wakala. Wiki ile nilirudi kazini nikaletewa ugali kwenye mgahawa wa shamba. Niliusukuma. Sikula ugali mpaka mwaka mwingine.

Dada alilazwa siku kumi na mbili. Siku ya mwisho nilikaa pembeni ya kitanda chake nikamwambia kila kitu. Nilimwambia gari lilikuwa laini, na kwamba niliongeza zile pleti kwa kuambiwa na mwenyekiti, lakini zaidi kwa kupenda kusifiwa. Nilimwambia kuhusu yale maneno, na yule mzee wa Korogwe, na soda.

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Kwa hiyo ukizitoa hizo nne nne, linarudi kuwa laini?"

"Ndiyo."

"Mtu angepanda bila gunia?"

"Ndiyo, dada."

"Ni kazi ya muda gani?"

"Asubuhi moja."

Akageukia ukutani. Hakunifukuza, wala hakunilaani. Nikimwamkia anaitikia mpaka leo, na sikukuu ananiletea mbaazi. Lakini hajawahi tena kuniomba kitu. Hata kisu kikimvunjikia mpini, anampelekea mtu mwingine.

Niliporudi kijijini kumsindikiza, kesho yake mapema nikachukua jeki na spana, nikaingia chini ya lile gari pale uwanjani bila kumwomba mtu ruhusa. Mwenyekiti akaja, akaongea sana, akasema nahujumu mali ya kijiji, akasema ataniandikia barua kwa mkubwa wangu, na kweli aliiandika, na kweli kazi nikapoteza. Safari hii hakunishika bega, maana nilikuwa chini ya gari, naona miguu yake tu. Nilifungua upande wa kushoto, nikatoa nne. Nikafungua upande wa kulia, nikatoa nne. Tope lililokuwa limekaukia kwenye pleti lilinibomokea mdomoni, nikawa nalitema nikiendelea. Nikafunga, nikakaza, nikashusha jeki. Gari likashuka matako, likakaa lilivyokuwa siku ile ya ndoo ya maji.

Nilipotoka chini yake kunawa, dada alikuwa mlangoni kwake amekaa kwenye kigoda, ananitazama. Alikuwa amekaa pale tangu nilipoanza. Akatazama jua, akanitazama mimi, akainuka akaingia ndani. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado.